Mzee Akishikwa na Nimonia: Kutoka Kitandani Kwake Hadi Wodini, na Kurudi

Nimonia ya mzee haiji kama ya kijana. Kijana hupandwa na homa, hukohoa makohozi ya rangi ya kutu, hushika ubavu kwa kichomi, na nyumba nzima inajua ni lubyamira, kama wasemavyo Waganda. Mzee wa miaka 80 anaweza kuanza kwa kukataa uji wa asubuhi, au kuanguka akienda chooni, au kumwita binti yake kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Ukimpima joto unakuta 36.9. Watu wanasema ni uzee, au wanamnunulia dawa ya malaria, na siku 2 au 3 zinapita hivi hivi.

Mwongozo huu ni wa wanaomhudumia: walezi wa nyumba za wazee, ambazo Uganda ni chache (ile ya masista wa Nalukolongo, Kampala, aliyoitembelea Papa Francis mwaka 2015, ndiyo inayojulikana zaidi), jamaa wanaomuuguza jaja (babu au bibi) nyumbani, na masista wa wodi, yaani wauguzi, watakaompokea. Katika hospitali zetu nyingi, kumlisha mgonjwa, kumwogesha, kumgeuza na kumsindikiza eksrei ni kazi ya atendanti, yaani ndugu anayelala sakafuni kando ya kitanda. Kwa hiyo nusu ya matibabu ya mzee iko mikononi mwa mtu ambaye hakufundishwa na yeyote. Dawa peke yake haitoshi ikiwa mzee amelazwa chali na kumiminiwa chai.

Hatua ya 1: Hesabu pumzi

Kasi ya kupumua hupanda mapema, mara nyingi kabla ya homa na kikohozi. Subiri mzee atulie dakika chache. Weka kiganja chako juu ya tumbo lake kana kwamba unamsalimia, washa saa ya simu, na uhesabu kila tumbo linapoinuka kwa dakika 1 kamili. Usimwambie unahesabu nini, kwa sababu akijua atabadilisha mwendo. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, maana ukikosea pumzi 1 umekosea 4.

Mzee aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20, na wenye maradhi ya muda mrefu huweza kufika 24. Ikifika 25, shuku nimonia hata kama hakohoi. Ikifika 30, ni hatari. Na ukikuta chati ya wodi ambayo wagonjwa wote wamepumua mara 20 asubuhi, mchana na usiku, ujue hakuna aliyehesabu.

Kama mna oksimita, kile kifaa kidogo kinachosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu, ivalishe kidole chenye joto kisicho na rangi ya kucha, mwache mkono utulie, na usubiri nusu dakika hadi namba iache kurukaruka. Linganisha mapigo inayoonyesha na yale unayoyahisi kwenye kifundo cha mkono; yasipolingana, namba ya oksijeni pia usiiamini. Oksimita nyingi husoma juu kidogo kuliko ukweli kwenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo 92 ya mtu anayepumua haraka isikupe usingizi. Chini ya 90 anahitaji oksijeni, hakuna mjadala.

Joto la mzee lina kanuni yake. Ukisoma 37.8 mara moja, au likipanda zaidi ya digrii 1 juu ya lile alilozoea, hiyo ni homa. Ndiyo maana nyumba ya wazee inapaswa kuwa na daftari lenye hali ya kawaida ya kila mkazi, linaloandikwa mara 1 kwa mwezi: pumzi, oksijeni, mapigo, presha, joto, uzito. Bila hilo, siku ya ugonjwa huna cha kulinganisha.

Hatua ya 2: Amua kama safari ya hospitali inahitajika

Si kila nimonia ni ya kulazwa. Huko Ontario, Kanada, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulifuatilia nyumba 22 za wazee. Nusu zilifuata utaratibu maalumu wa kutibu nimonia pale pale nyumbani, kwa oksimita, antibiotiki za kumeza na muuguzi wa kufuatilia. Waliolazwa hospitali walikuwa 10 kwa kila 100, dhidi ya 22 kwa upande mwingine, na vifo havikuongezeka. Mzee anayebaki kitandani kwake huepuka safari, vidonda vya mgongo na kuchanganyikiwa ugenini.

Masharti yao yanafaa hata huku. Mzee anaweza kutibiwa nyumbani iwapo yote haya yapo kwa pamoja: mapigo hayazidi 100 kwa dakika, pumzi ni chini ya 30, presha ya juu (namba ya kwanza ya presha) ni 90 au zaidi, oksijeni ni 92 au zaidi (90 kwa aliyezoea mapafu mabovu), na anakula na kunywa. Moja likikosekana, anakwenda. Hata anayebaki lazima kwanza aonwe na daktari au ofisa tabibu wa kituo cha afya, apimwe asubuhi na jioni, na awepo mtu wa kuamka usiku. Baada ya saa 48 bila nafuu, au akizidiwa kabla ya hapo, mpelekeni.

Hatua ya 3: Karatasi 1, mfuko 1, mtu 1

Kinachopotea zaidi kati ya nyumba na wodi ni habari. Daktari wa zamu anaona mzee anayebwabwaja na kuandika "mzee, amechanganyikiwa", bila kujua kwamba wiki iliyopita alikuwa akisoma gazeti. Andika karatasi moja, kwa herufi kubwa, na ibandike ndani ya jalada la daftari lake la hospitali. Iwe fupi namna hii:

Mwanaume, miaka 79. Kawaida yake: anatembea na mkongojo, anajilisha, anajua siku. Tangu Jumatatu jioni amechanganyikiwa na hajala. Leo saa 2 asubuhi: pumzi 32, oksijeni 87, mapigo 112, presha 100/60, joto 37.6. Dawa: amlodipini 5 mg asubuhi, metformini 500 mg mara 2. Kotrimoksazoli ilimtoa upele. Amekunywa amoksilini vidonge 4 tangu jana. Meno ya bandia ya juu. Chakula laini.

Mstari wa "kawaida yake" ndio wenye thamani kuliko yote. Wa antibiotiki alizokwisha kunywa unafuata, kwa kuwa watu huona haya kusema walipitia duka la dawa kwanza. Semeni. Daktari asipojua ataanza na dawa ile ile iliyoshindwa.

Mfukoni weka: dawa zake zote katika pakiti zake, kitambulisho cha taifa, miwani, kifaa cha kusikia, kikopo chenye jina lake cha kuwekea meno ya bandia, mswaki laini na dawa ya meno, kijiko kidogo cha chai, kikombe, beseni, mito 3, mashuka, blanketi, chupa ya chai, jerikeni ya lita 5, tochi na chaja ya simu. Chupa ya kukojolea ni bora kuliko nepi kwa anayeweza kuitumia, na pia inakuwezesha kupima mkojo.

Mtu wa kwenda naye ni yule anayemjua. Mara nyingi hutumwa kijana mwenye nguvu aliyekuwa hana kazi siku hiyo, naye akiulizwa mzee anakunywa dawa gani anapiga simu isiyopokelewa.

Usafiri: asipande bodaboda kama anahema. Kodini gari, mkalisheni wima kiti cha nyuma, mmoja amshikilie bega. Kumlaza kwenye sanduku la pikapu kunambana pumzi na kunaweza kumpeleka matapishi mapafuni. Kabla ya kuondoka pigeni simu muulize jambo 1: leo oksijeni ipo? Vituo vingi vya afya vya daraja la III havina. Mzee mwenye oksijeni 85 akipitia huko kwanza "kwa utaratibu", anapoteza saa ambazo hana.

Hatua ya 4: Saa 4 za kwanza mapokezi

Usikae kwenye benchi ukingoja zamu. Nenda kwa sista wa mapokezi, kwa heshima, na useme namba: "Sista, samahani. Mzee wetu anapumua mara 32 kwa dakika, oksijeni yake ni 87, na tangu juzi amechanganyikiwa. Hii si hali yake." Ukisema "amezidiwa sana" umesema kama kila mtu kwenye benchi. Namba humwinua sista kitini.

Kwa upande wa wodi, kuna kipimo rahisi kisichohitaji maabara. Toa pointi 1 kwa kila moja: kuchanganyikiwa kupya, pumzi 30 au zaidi, presha ya juu chini ya 90 au ya chini (namba ya pili) isiyozidi 60, umri wa miaka 65 au zaidi. Mzee anaanza na 1 kwa umri wake. Akifika 2 ni wa kufikiriwa kulazwa; 3 au 4 ni wa uangalizi wa karibu usiku huo huo. Kipimo hiki hakihesabu oksijeni, basi msimrudishe nyumbani mwenye pointi 1 na oksijeni 86.

Yafanyike kwa mpangilio huu: oksijeni akiwa chini ya 90, sukari ya damu kwa kuchoma kidole (sukari ikishuka humfanya mtu aonekane amechanganyikiwa, nayo hutibika kwa dakika chache), kisha dozi ya kwanza ya antibiotiki ndani ya saa 4 tangu afike. Ikiwa presha imeshuka na mikono ni ya baridi, iwe ndani ya saa 1. Eksrei isicheleweshe dozi hiyo.

Kipimo cha malaria kipimwe, lakini kikiwa na mistari 2, yaani malaria ipo, kisifunge faili. Mtu anaweza kuwa na vijidudu vya malaria na nimonia kwa pamoja, na malaria haimfanyi mzee apumue mara 34 huku upande 1 wa kifua ukikwaruza. Pima pia VVU, kwa kuwa wazee husahaulika katika hilo, na makohozi yapelekwe kwenye mashine ya GeneXpert, inayopima kifua kikuu, iwapo kikohozi kina wiki 2 au zaidi, amekonda au anatoka jasho usiku.

Dawa zenyewe: isiyo kali hutibiwa kwa amoksilini, mg 500 hadi g 1 kila saa 8. Kali hutibiwa kwa seftriaksoni g 1 hadi 2 kwa mshipa, mara 1 kwa siku, na daktari huweza kuongeza dawa nyingine. Seftriaksoni isichanganywe na dripu ya Ringer's Lactate, maana chokaa iliyomo hugandana na dawa. Levofloksasini, ile antibiotiki waliyoitumia wenzetu wa Kanada, huku ni ya kuogopwa kidogo: hukipunguzia kifua kikuu makali kwa muda, mgonjwa anapata nafuu ya wiki 2, na vipimo vinakosa kukiona. Makohozi yachukuliwe kwanza.

Mambo 2 huumiza figo za wazee wetu bila sababu. La kwanza ni sindano ya diklofenaki "ya kushusha homa" kwa mtu ambaye hajanywa maji siku 2. Parasetamoli inatosha: g 1 kila saa 6 hadi 8, au mg 500 kwa aliye chini ya kilo 50. La pili ni antibiotiki ya jentamisini inayoendelea siku nyingi bila kupima figo. Muulizeni pia daktari kama dawa za presha na metformini zisimame kwa siku hizi. Mara nyingi jibu ni ndiyo.

Hospitali za serikali zilifuta ada mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia, lakini dawa inaweza kuwa imekwisha stoo. Ukipewa karatasi ya kununua nje, usingoje ukoo uchangie dozi zote. Nunua ya leo na kesho, pamoja na kanula (kijirija kinachoachwa mshipani) na mrija wa dripu, ianze sasa. Kwa mzee anayepokea zile fedha za serikali za kila mwezi za wazee, jamaa wafikirie kuweka akiba ya mwezi 1 au 2 kwa ajili ya saa kama hii.

Halafu dripu. Huombwa kama hirizi. Lita 1 ya dripu ya sukari ya 5% ina gramu 50 za sukari, kama vijiko 12 vya chai, basi. Haimlishi mtu. Na moyo wa mzee ukimwagiwa lita 3 kwa siku, maji huishia mapafuni na pumzi zinapanda upya, watu wakadhani nimonia imeongezeka. Anayeweza kumeza anyweshwe.

Hatua ya 5: Oksijeni

Wengi huamini kwamba ukiona mtu kawekewa oksijeni, ujue anakufa. Imani hii hutokana na kuwekewa mtu kwa kuchelewa. Ikianza mapema, wengi huitoa baada ya siku chache.

Mrija wa puani huanza na lita 1 hadi 5 kwa dakika. Lenga 92 hadi 96. Kwa aliyevuta sigara miaka mingi, au bibi aliyepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha maisha yake yote na amezoea kuhema, lenga 88 hadi 92, kwa sababu oksijeni nyingi kupita kiasi humlaza usingizi mzito na kumzuia kutoa hewa chafu. Pima tena baada ya dakika 15 hadi 30. Ukishafika lita 5 na bado hafiki 90, ita daktari. Anahitaji barakoa yenye mfuko.

Kwenye mashine ya kuzalisha oksijeni, soma katikati ya kile kidude cha mpira kinachoelea, wala si juu yake. Ukitaka kujua kama hewa inatoka, chovya ncha za mrija kwenye kikombe cha maji safi: mapovu yakikosekana, mrija umekunjwa chini ya godoro au umechomoka. Hii ndiyo hitilafu ya kila siku. Ya pili ni mrija kutolewa wakati wa chai na kusahaulika shingoni hadi jioni. Mrija wa puani unakaa wakati wa kula, haumzuii mtu.

Umeme ukikatika mashine hulia kisha hunyamaza. Siku ya kwanza tu, muulize sista: mtungi wa akiba uko wapi, na nani ana spana yake? Kisha hesabu utadumu muda gani. Zidisha ukubwa wa mtungi kwa lita na namba ya geji kwa bar, ugawe kwa mtiririko. Mtungi wa lita 10 wenye bar 100 una lita 1,000 za oksijeni. Kwa lita 4 kwa dakika ni dakika 250, saa 4 na dakika 10. Mtungi mkubwa wa lita 47 kwa bar hizo hizo hufika karibu saa 20. Umeme ukikatika saa 3 usiku na mna ule mdogo, mnajua kwamba utaisha saa 7 na dakika 10 usiku, watu wakiwa usingizini.

Sigiri, mshumaa na sigara visikaribie kitanda hicho.

Hatua ya 6: Mgongo, koo na mdomo

Nimonia nyingi za wazee huanzia mdomoni. Mate yenye bakteria na chakula huteleza upande usio wake, na mtu dhaifu hana kikohozi cha kuvirudisha. Ukimlaza chali unairudia njia ile ile iliyomleta hospitali.

Kichwa cha kitanda kiwe kimeinuka digrii 30 hadi 45 mchana na usiku. Kitanda kisicho na mkono wa kuzungusha si kisingizio. Chukua kiti cha plastiki, kigeuze juu chini, kisimamishe kichwani mwa kitanda kiti na mgongo wake vikitengeneza mteremko, kisha panga mito 2 juu yake. Kunja blanketi uliweke chini ya magoti, la sivyo baada ya nusu saa atakuwa ameteleza, kidevu kifuani, tumbo likikandamiza mapafu. Ukimpandisha, pandisheni wawili kwa shuka. Mkimvuta kwapa mnamchuna ngozi.

Kabla ya kumpa chakula chochote: yuko macho? Anaweza kukohoa ukimwomba? Mkalishe wima kabisa, mpe maji kijiko 1 cha chai, mara 3, ukingoja kila mara. Akikohoa, au sauti yake ikiwa kama ya mtu anayeongea na maji kooni, simama na umwite sista. Anayesinzia asilishwe, hata kama shangazi amesafiri na supu kutoka Masaka.

Akimeza salama, tumia kijiko kidogo, nusu kijiko kwa mara. Kidevu kielekee chini kidogo. Tazama koo lipande na kushuka, ndipo ulete kingine, na uchungulie shavuni kama kuna kilichobaki. Kosa tunaloliona kila wodi ni kumrudisha mzee kichwa nyuma na kummiminia kikombe cha uji. Kichwa kikirudi nyuma, njia ya hewa inafunguka wazi.

Kinyume na watu wanavyofikiri, chai nyepesi na maji ndivyo vya hatari zaidi kwa koo dhaifu, kwa kuwa hukimbia kabla ya koo kujifunga. Uji wa ulezi mzito unaotiririka polepole hupita vizuri zaidi. Matoke yaliyopondwa hadi laini na mchuzi wa karanga usio na chembe yanafaa, viazi vitamu vya kupondwa pia. Posho (ugali) kavu na wali wa punje zinazotawanyika, hapana. Ongeza nguvu kwenye kidogo anachokula: yai, maziwa, au unga wa mukene (dagaa) kijiko 1 ndani ya uji. Baada ya kula abaki wima dakika 30.

Mdomo usafishwe asubuhi na usiku, na akiwa amekaa. Mswaki laini, dawa ya meno kiasi cha punje ya haragwe, meno, ufizi na ulimi. Asiye na meno, funga kitambaa safi cha shashi kwenye kidole ulichovalia glavu na ufute ufizi, mashavu kwa ndani na ulimi. Meno ya bandia yatolewe usiku na kusuguliwa. Katika nyumba 11 za wazee Japani, waliosafishwa mdomo na walezi baada ya kila mlo kwa miaka 2 walipata nimonia kwa uchache kuliko wenzao. Jaribio jingine la Marekani, la mwaka 2015, halikuona faida hiyo. Sisi bado tunasugua. Mdomo mkavu wenye utando mweupe haumezi, na mswaki ni wa bei ya soda.

Hatua ya 7: Mtoe kitandani

Wauguzi wa hospitali 3 za Marekani waliwakalisha wagonjwa wa nimonia nje ya kitanda kwa angalau dakika 20 ndani ya saa 24 za kwanza, kisha wakaongeza kila siku. Utafiti ulitoka mwaka 2003: waliruhusiwa siku 1 hivi mapema. Hakuna dawa iliyoongezwa.

Mkalishe ukingoni mwa kitanda, miguu ikigusa sakafu, dakika 2. Akisema kizunguzungu, mrudishe na ujaribu baadaye. Akiwa sawa, msimamishe na umzungushe kwenye kiti chenye mikono, mrija wa oksijeni ukiwa na urefu wa kutosha. Oksijeni ikishuka chini ya 88, pumziko. Kila saa akiwa macho avute pumzi ndefu 10, akishikilia kidogo kila moja. Asiyeweza kuinuka ageuzwe kila saa 2: kulia, mgongo ulioinuliwa, kushoto, na visigino vielee juu ya mto bila kugusa godoro. Tazama kiuno na visigino kila unapomwogesha. Wekundu au weusi usiofifia ukiubonyeza ni kidonda kinachoanza.

Kuchanganyikiwa usiku kusitibiwe kwa kamba wala kwa diazepamu, ambayo hupunguza pumzi. Mvalishe miwani, washa taa, mtajie siku na mahali, na uangalie kama kibofu kimejaa au hajaenda choo siku 4. Katheta (mrija wa mkojo) isiyo na sababu itoke.

Hatua ya 8: Daftari la kila saa 4

Chora mistari: saa, pumzi, oksijeni na lita zake, mapigo, joto, alichokunywa, mkojo. Mtu wa kilo 50 akojoe angalau ml 600 kwa siku, chupa 1 ya soda kubwa na kidogo. Mwite sista bila kungoja raundi iwapo pumzi zinafika 30, oksijeni iko chini ya 90, presha ya juu chini ya 90, mkojo umekauka saa 6, au mzee aliyekuwa akiongea amenyamaza. Huyo wa mwisho huonekana "ametulia", na jamaa hushukuru.

Saa 72 zikipita bila nafuu, msikubali kubadilishiwa antibiotiki tu. Ulizeni: je, ni kifua kikuu? Kuna maji au usaha nje ya pafu wa kutolewa kwa sindano? Moyo umeshindwa? Au bado analishwa akiwa amelala?

Kuna pia mzee ambaye maradhi yake ya zamani yamekwisha kumchosha, na familia na daktari wanakubaliana kutafuta faraja. Hapo Uganda ina neema: morfini ya maji hutengenezwa nchini, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa, ile ya kupunguza mateso, wanaruhusiwa kuiandika. Kiasi kidogo hupunguza ile hofu ya kukosa hewa. Iombeni, wala msidhani ni ya saratani peke yake.

Hatua ya 9: Kurudi

Sindano hubadilishwa kuwa vidonge pale joto lisipozidi 37.8, mapigo yasipozidi 100, pumzi zisipozidi 24, presha ya juu ikiwa 90 au zaidi, oksijeni 90 au zaidi bila mrija, anameza, na akili imerudi ilivyokuwa. Kumweka wodini ili "amalize sindano" baada ya hapo ni kumtafutia ugonjwa mwingine. Kwa wengi siku 5 hadi 7 za antibiotiki zinatosha.

Kabla ya kutia sahihi, mtembeze hadi chooni bila oksijeni na umpime anaporudi. Karatasi ya kutoka iseme: ugonjwa uliopatikana, dawa na siku zilizobaki, dawa za zamani zipi zirudishwe na lini, majibu ya makohozi yanayosubiriwa na namba ya simu ya kuyaulizia. Aliyevuta sigara, au ambaye kikohozi kimebaki, apigwe eksrei tena baada ya wiki 6.

Nyumbani, sigiri itoke chumbani. Chanjo ya nimonia kwa wazee hupatikana kwa kulipia katika hospitali binafsi kadhaa za mjini; ulizeni bei pamoja na ya mafua. Kwa wiki 2 za kwanza hesabu pumzi kila asubuhi. Mara nyingi mzee harudi pale alipokuwa: aliyetembea na mkongojo sasa anashikwa mkono, aliyekuwa kilo 54 ni 50. Wiki ya 4, mpime upya, fungua ukurasa wake kwenye daftari la nyumba, kata mstari wa zamani na uandike kawaida yake mpya: pumzi 20, oksijeni 94, mapigo 84, presha 130/75, joto 36.4, kilo 50, anatembea kwa kushikwa, uji mzito.